Kijana na mavazi: je, unaweza kupiga magoti na hiyo nguo?



Somo letu la leo ni mavazi. Najua wengine mmeshakunja uso, mnaona yanakuja yaleyale: binti shusha sketi, kijana pandisha suruali, amina, nendeni na amani. Subirini kidogo. Swali ambalo vijana wenzangu wananiuliza sana sio urefu wa sketi. Wanauliza hivi: je, ni vibaya kutaka kuwa na mtindo wangu? Nikijaribu kuvaa kitu ambacho hapa kwetu hakijazoeleka, ni majivuno au ni uhuru wa mwana wa Mungu?

Kiukweli siwezi kujibu swali hilo kwa kuanzia na Katekisimu. Naanzia na kuku.

Mimi naishi Mungaa, wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida. Kama hujafika kwetu, fikiria alizeti, upepo mkali wa Juni na Julai, na kuku wa kienyeji. Kuku wa Singida wanajulikana mpaka Dar es Salaam. Kwa mama zetu kuku ndio benki: mtoto akiumwa, kuku anauzwa, daftari limeisha, kuku anauzwa. Mama yangu alikuwa na matetea saba, na kila mmoja alimjua kwa sura.

Mwaka ule mdogo wangu alikuwa anapokea Komunyo ya Kwanza. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo sio ya kusimulia, nipo tu nyumbani, na simu yangu ya kupangusa. Kwenye simu nikaliona gauni. Rangi ya damu ya mzee, limebana kuanzia bega mpaka gotini, na dada aliyelivaa alisimama kama vile dunia yote inamsubiri. Nikasema hilo ndilo langu. Siku ya Komunyo watu wote wa kigango watajua kwamba sijafeli maisha.

Elfu arobaini na tano, pamoja na nauli ya mzigo elfu tano. Sikuwa nayo. Basi siku mama amekwenda shambani kupiga alizeti, nikakamata matetea matatu, nikawauzia wachuuzi wanaopita na baiskeli. Nilipiga bei ya haraka haraka, bei ya mwizi. Jioni mama akahesabu, akahesabu tena. Akasema kicheche kaingia bandani. Kesho yake alishinda siku nzima anaziba banda kwa miti na miiba, mikono ikamchubuka. Mimi nilimpelekea maji ya kunywa.

Gauni likaja kwa basi mpaka Singida mjini, nikaenda kulichukua. Nikalijaribu usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, nimesimama. Niliponyooka likakaa. Niliponyooka tu. Sikujaribu kukaa wala kuinama. Ningejaribu ya nini? Yule dada kwenye picha alikuwa amesimama.

Siku ya Komunyo nilitembea kanisani kwa hatua fupi fupi kama mtu aliyefungwa kamba. Kukaa kwenye benchi nikakaa upande. Halafu ikafika mageuzo. Kengele ikalia, watu wote chini. Mimi nikajaribu kushuka, magoti hayakunjiki. Nikabaki nusu, sijasimama wala sijapiga magoti, nimeshikilia benchi la mbele. Mbele kule mdogo wangu yuko na gauni lake jeupe, anatazama Hostia inayoinuliwa, na mimi nawaza zipu. Nikalazimisha. Mshono wa nyuma ukaachia kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia.

Mama alikuwa benchi la nyuma yangu. Hakusema kitu. Alivua kanga aliyojitanda, akanifunga kiunoni, akarudi kwenye sala yake.

Kanga ile ndiyo iliyonishinda. Kama angenigombeza ningepona mapema.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima kuhusu mavazi yasiyo na staha, nilishajihukumu kabisa. Padre hakuniuliza gauni lilikuwa la urefu gani. Aliniuliza kuku walikuwa wa nani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2412 inafundisha kwamba mali iliyoibwa hurudishwa kwa mwenyewe, na inamkumbuka Zakayo wa Luka 19, yule aliyeahidi kurudisha mara nne. Mara nne sikuweza, kuku kumi na wawili ningewatoa wapi. Lakini watatu nilitakiwa niwarudishe, na kabla ya kuwarudisha nimwambie mama.

Nikamwambia jioni, jikoni, tukiwa tunasonga ugali wa mtama. Alinyamaza muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kumbe kicheche nimemzaa mwenyewe." Akaendelea kusonga.

Mungu anashona

Sasa ndio tufungue Biblia.

Mwanzo 3 tunaijua, lakini tunaisoma nusu. Tunakumbuka majani ya mtini, aya ya 7. Adamu na Eva wameona aibu, wakajishonea kitu cha haraka. Ukiniuliza mimi, nguo nyingi tunazonunua kwa pupa ni majani ya mtini: tunaficha kitu. Mimi nilikuwa naficha matokeo ya kidato cha nne. Lakini shuka mpaka aya ya 21. Pale Mungu mwenyewe anawatengenezea mavazi ya ngozi na kuwavika. Ona wakati wenyewe: dhambi imeshafanyika, adhabu imeshatajwa, safari ya kutoka bustanini bado. Katikati hapo Mungu anafanya kazi ya fundi. Hakuwacheka kwa majani yao, aliwapa kitu cha kudumu.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kujali nguo ni jambo la kidunia, mwonyeshe aya hiyo. Mwonyeshe na Methali 31:22, mwanamke hodari aliyevaa kitani safi na zambarau, rangi ya gharama kwa zama zile, na Biblia inamsifu. Mwonyeshe Matendo ya Mitume 9, pale Yopa, wajane wanalia huku wanamwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea Tabita. Katika kifo chake hawakutaja maneno yake, walishika nguo. Na Petro huyohuyo, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anapowaambia wanawake kuhusu kusuka nywele na dhahabu, mimi simsikii akisema tuwe wachafu. Anasema uzuri usiishie nje.

Katekisimu, namba 2521 mpaka 2524, inasema kuhusu staha mambo mawili ambayo mara nyingi hatuyasikii yakihubiriwa pamoja. La kwanza, staha inalinda fumbo la mtu, na inampa nguvu ya kukataa kuburutwa na mitindo. La pili, namna za staha hutofautiana kutoka utamaduni mmoja hadi mwingine. Yaani hakuna rula moja ya sentimita kwa dunia nzima. Kuna mtu, na kuna heshima yake.

Hili la pili tulichukulie kwa uzito, maana nchi yetu ina historia. Waulize wazee waliokuwa vijana wakati wa TANU. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana. Wasichana walisumbuliwa mitaani Dar es Salaam. Na miaka hiyohiyo kulikuwa na kampeni nyingine, ya kuwataka Wamasai waache lubega wavae suruali na mashati. Angalia mambo hayo mawili kwa pamoja. Mmoja anakimbizwa kwa kuwa wa kisasa mno, mwingine kwa kuwa wa kimila mno. Mavazi ya kijana siku zote yana mtu wa kuyasemea. Kwa hiyo kama unasubiri siku ambayo hakuna atakayekusema, utasubiri sana.

Kuthubutu kwa namna gani?

Watu wakisikia kuthubutu katika mavazi wanafikiria kuonyesha zaidi, au kutumia pesa zaidi. Mimi nililipa elfu hamsini na sikuwa nimethubutu chochote. Nilikuwa nimeazima ujasiri wa dada wa kwenye picha.

Nikupe mifano miwili ya waliothubutu. Wa kwanza ni Mwenyeheri Isidori Bakanja wa Kongo. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 akiwa kijana, akapewa skapulari, vile vitambaa viwili vidogo vya kahawia vinavyovaliwa shingoni kwa heshima ya Mama Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Alifanya kazi kwa wakala wa kampuni ya Wabelgiji, mtu aliyechukia habari za Ukristo, na akaamriwa avue. Hakuvua. Akachapwa mjeledi mpaka mgongo ukawa vidonda, vidonda vikaoza, na baada ya miezi ya mateso akafa Agosti 1909, ameshamsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Kitambaa kidogo kuliko kiganja! Lakini kilisema yeye ni wa nani, naye akakubali kuonekana hivyo.

Wa pili mnamjua, Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Mwili wake uko Assisi, na umevikwa jinzi na raba, nguo zake za kawaida. Inasimuliwa kwamba mama yake alipotaka kumnunulia jozi ya pili ya viatu alikataa, akasema jozi moja inatosha, pesa wapewe maskini. Na kanisa alimolazwa ni lile linalokumbuka siku ambayo Mtakatifu Fransisko, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, alivua nguo zote mbele ya askofu na kumrudishia baba yake. Aliyevua nguo za kifahari na aliyebaki na jinzi, chini ya paa moja. Hawakuvaa kufanana. Lakini wote wawili wangeweza kupiga magoti.

Gauni lilirudi kwa fundi

Kuwalipa wale kuku ilinichukua miezi mitatu. Kuna mama fundi hapa kwetu, nilimwomba kazi ya kupinda mapindo na kubana vifungo. Alinilipa kidogo kidogo, na kila nilipofikisha bei ya tetea mmoja nilikwenda mnadani, nikarudi naye kwapani. Wa tatu nilimleta Septemba. Mama alimgeuza geuza, akasema huyu ana mguu mbaya, lakini akampokea.

Siku moja yule fundi akaniambia lete hilo gauni. Akanipima. Nina miaka kumi na tisa na hakuna mtu aliyewahi kunipima mwili wangu kwa futi: bega, kifua, kiuno, nyonga. Mimi nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya nyonga. Akasema, "Binti yangu, nyonga ndizo hizi. Usizigombeze, tuzishonee." Nikafumua mishono mwenyewe kwa wembe, siku mbili. Tukaongeza pande mbili za kitenge kutoka kiunoni kwenda chini, kitenge cha zamani cha mama, manjano na kahawia, kimefubaa kidogo kama alizeti zilizokaa juani. Gauni likafunguka chini. Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi la kibanda, nikainuka, nikapiga tena. Fundi akacheka.

Sasa rafiki yangu, kulivaa lile gauni Dominika iliyofuata ndiyo hatari kubwa niliyowahi kuchukua katika mavazi. Kwa nini? Kwa sababu kigango kizima kiliijua ile rangi. Kila mtu aliona kwamba hilo ndilo lililochanika. Na kweli nilisikia nyuma yangu, "Gauni la viraka limekuja." Nilitaka kurudi nyumbani. Sikurudi, kwa sababu mama alikuwa ameshika mkono wangu na pia, niseme ukweli, nilikuwa nalipenda. Lilikuwa gauni la kwanza maishani lililonijua. Baada ya Misa mama mmoja akanigusa bega akauliza kama naweza kumwongezea pande kama hizo kwenye sketi yake. Sitaki kudanganya kwamba biashara ilichanua. Nilipata wateja watatu mwaka ule, na mmoja hajanilipa mpaka leo.

Lakini mtindo wangu ulianzia hapo. Siku hizi karibu kila nguo yangu ina kipande cha kitenge mahali fulani, hata kama ni mfukoni tu. Mnadani sitafuti tena nguo inayofanana na picha, natafuta kitambaa kizuri, maana umbo fundi atalirekebisha, kitambaa kibovu hakirekebishiki. Wakati wenzangu wanagombania rundo la jero jero, mimi nainua nguo juani niangalie kama imechakaa kwapani na mshono wa katikati. Rangi zangu nimezijua, ni tatu, na hilo limeniokolea pesa nyingi. Na kila nguo naivaa nyumbani kwanza: napiga magoti, nakaa chini kwenye mkeka, nainua mkono kama nafikia kitu juu ya kabati, nainama kama nachota maji. Kama inanidai niishike kila dakika, basi nguo hiyo imeniajiri, na mimi sitaki kazi hiyo.

Kwa kaka zangu ni vilevile. Kuna mwenzetu wa VIWAWA anayevaa koti la marehemu babu yake wakati wa baridi, mikono ameikunja mara mbili, ndani fulana nyeupe safi. Walimwita mzee wa baraza. Sasa hivi wanauliza babu zao waliacha nini. Mwingine ameshindana na kata K miaka miwili, mkono mmoja suruali, mkono mmoja kitabu cha nyimbo. Mnajua ni yupi anayeimba vizuri zaidi.

Kuna jambo moja bado halijaisha, na ndilo linalonisumbua zaidi kuliko yote niliyoandika.

Nina rafiki ambaye hakuwa anakuja Misa. Tulisoma wote, tulipata kipaimara siku moja. Nilidhani amepoa kiimani. Nikamfuata nyumbani, tukachambua mboga, mwisho akasema: hana nguo ya kanisani. Ana gauni moja, na siku moja baada ya jumuiya watu walimtania kwamba gauni hilo sasa linajua njia lenyewe. Walicheka. Na mimi nilikuwepo. Nilicheka.

Yakobo 2:2-4 inazungumza juu ya mtu anayeingia kwenye mkusanyiko na pete ya dhahabu na mavazi mazuri, na maskini anayeingia na nguo chakavu, na jinsi mmoja anavyopewa kiti kizuri na mwingine anavyoambiwa asimame kule. Nilikuwa naisoma aya hiyo kama kwamba inawahusu matajiri wa mjini. Mimi na mtindo wangu, na kitenge changu, na watu wanaonisifu mlangoni, je, sikuwa nimekuwa pete ya dhahabu ya kigango chetu?

Nilitaka kumshonea gauni. Akakataa, na nilimwelewa: hakutaka kuja amevaa huruma yangu. Basi Dominika iliyofuata nikavaa sketi yangu ya bluu ya shambani, nimeifua, na fulana. Hakuna kitenge, hakuna chochote. Nikampitia saa moja na nusu. Alinitazama juu mpaka chini akasema, "Wewe umechanganyikiwa." Akaingia ndani, akatoka na lile gauni lake moja.

Tulikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kwa sababu alitaka iwe rahisi kutoka. Mageuzo yalipofika tulipiga magoti wote wawili kwenye sakafu. Mama yangu aligeuka akatuona. Watu walituangalia pia, mmoja akaniuliza kama naumwa.

Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena alikuja, akafika wakati wa Injili, akaondoka kabla ya matangazo. Sijui itakuwaje. Namwombea kwa Mwenyeheri Bakanja, nawe nisaidie. Kesho nitampitia tena, saa moja na nusu. Sketi nimeshaianika.